Baba anakwenda kuwinda mlimani, mama ana maswali

Ramani ilikuwa imetandazwa mezani, pembeni yake kuna daftari la hesabu la mtoto wa darasa la tatu. Baba alionyesha kwa kidole: hapa tutaacha gari, hapa tutapiga hema, hapa ndipo elki hushuka jioni kula majani. Mama, aliyekuwa ametoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunza wazee, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Baba watoto, usiporudi Jumapili nimpigie nani?"

Baba akamwambia apige 911. Mama akauliza tena: "Na wakiniuliza uko mlima gani?"

Baba akakosa la kujibu. Ramani ikakunjwa.

Familia hii inaishi Aurora, mji unaopakana na Denver katika jimbo la Colorado, Marekani. Wazazi wote wawili ni wa Kivu Kusini na waliishi miaka mingi kambini Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuhamishiwa huko. Safari yenyewe ni ya Oktoba, lakini mipango imeanza Juni, na hilo ni jambo jema. Uwindaji wa kwanza katika milima ambayo mtu hajawahi kuikanyaga hauandaliwi kwa wiki mbili.

Kwa mtu aliyekulia Afrika Mashariki, habari hii ina ugeni wake. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania inaruhusu kwa vibali, lakini watu wengi wakisikia neno uwindaji wanawaza mambo mawili tu: mtalii tajiri au jangili anayekimbizwa na askari wa wanyamapori. Magharibi mwa Marekani hali ni tofauti. Eneo kubwa la milima ni mali ya umma, na mfanyakazi wa ghalani mwenye leseni ana haki ya kuingia sawa na bosi wake. Msitu wa taifa wa White River peke yake, ambao ndio baba huyu anaulenga, una ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 9,000.

Elki ni mnyama wa jamii ya kulungu wa kaskazini. Dume ana pembe zenye matawi, ambazo huanguka na kuota upya kila mwaka, na uzito wake unaweza kupita kilo 300. Ni mkubwa kuliko tandala mkubwa. Colorado inaongoza kwa idadi ya elki kuliko jimbo lolote la Marekani. Hata hivyo, wengi wa wanaokwenda kuwinda hurudi mikono mitupu. Hilo mama alitakiwa aambiwe mapema, kabla hajaanza kupanga nafasi kwenye friza.

Leseni na mipaka

Upande wa sheria ndio mwepesi kuliko yote, kwa sababu umeandikwa. Colorado inamtaka kila aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 1949 awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji kabla ya kununua leseni. Aliyeishi jimboni miezi 6 mfululizo hulipa ada ya mkazi, ambayo ni ndogo mno ukilinganisha na ya mgeni. Leseni nyingine hutolewa kwa bahati nasibu, maombi yakifungwa mwanzoni mwa Aprili. Nyingine hununuliwa moja kwa moja. Kanuni hubadilika mwaka hadi mwaka, hivyo kijitabu cha mwaka husika ndicho cha kufuata, si maneno ya rafiki aliyewinda miaka mitano iliyopita.

Kuna jambo moja linalowaponza wageni. Colorado haimlazimishi mwenye shamba kuweka uzio wala kibao. Mwindaji akivuka na kuingia kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa amevunja sheria, hata kama hakuona alama yoyote. Mpaka uko kwenye ramani, na ramani hiyo inatakiwa ipakuliwe kwenye simu kabla ya kuondoka nyumbani, kwa sababu mtandao huisha muda mrefu kabla barabara haijaisha.

Anayewinda kwa bunduki anatakiwa pia avae nguo ya rangi ya chungwa au waridi inayong'aa, kifuani, mgongoni na kichwani. Wanyama hao hawaitambui rangi ya chungwa kama watu wanavyoitambua. Nguo hiyo huvaliwa kwa ajili ya wawindaji wengine.

Damu ya familia

Swali la pili la mama ndilo lililobadilisha safari nzima, na baba hakulitarajia kabisa.

Mtoto wao wa pili ana selimundu. Iligundulika akiwa na siku chache, kwa kipimo cha damu anachofanyiwa kila mtoto mchanga nchini Marekani. Ili mtoto awe na selimundu kamili, kwa kawaida hurithi vinasaba kutoka pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Maana yake baba ni mbebaji. Haumwi, hajawahi kulazwa, anabeba maboksi siku nzima kazini. Kwa miaka yote suala la ubebaji lilikuwa habari ya kliniki ya mtoto tu.

Mlimani linakuwa habari yake mwenyewe. Aurora iko kwenye mwinuko wa mita 1,650 hivi. Ziwa la Trappers, linalotumiwa na wengi kama lango la kuingilia nyanda za juu za Flat Tops ndani ya White River, liko karibu mita 2,900. Kwa anayeujua Kilimanjaro, hapo ni juu kidogo ya vibanda vya Mandara kwenye njia ya Marangu, na uwindaji wenyewe unaanza kwa kupanda kutoka hapo.

Madaktari wameeleza visa vya wabebaji wa selimundu, wengi wao wanaume wenye afya njema, waliopanda milima mirefu wakashikwa ghafla na maumivu makali upande wa kushoto, chini ya mbavu. Oksijeni ikipungua, baadhi ya chembe nyekundu za damu hubadilika umbo na kuwa kama mundu, zikaziba mishipa midogo ya bandama. Wabebaji wengi hupanda na kushuka salama. Lakini anayejijua ni mbebaji anatakiwa aseme kwa daktari kabla ya safari, apande polepole, anywe maji ya kutosha, na maumivu hayo yakitokea asiyaite gesi au uchovu. Ashuke mara moja na kwenda hospitali. Mwenzake wa hema naye ajue.

Familia nyingi zenye asili ya Kongo, Tanzania na Uganda zina wabebaji wasiojijua. Kipimo ni cha damu na ni rahisi. Mtu anayetumia fedha nyingi kununua buti na darubini hana sababu ya kukiruka.

Suala hilo limefuta pia wazo zuri alilokuwa nalo baba, la kuipeleka familia yote mlimani Julai ili waione njia na kupiga hema pamoja. Kwa mtoto mwenye selimundu yenyewe, mwinuko na baridi vinaweza kuamsha maumivu makali. Kwa hiyo Julai baba atakwenda na kaka wa mama, na watoto wataonyeshwa picha.

Kwa wasio wabebaji, mwinuko bado una kanuni zake. Kuanzia mita 2,500 hivi, mtu anaweza kuumwa kichwa, kusikia kichefuchefu, kukosa usingizi na kuishiwa nguvu ndani ya siku ya kwanza. Kulala usiku mmoja sehemu ya chini zaidi kabla ya kupanda husaidia sana. Zipo dawa za kuzuia, ambazo daktari huziandika. Hatari kubwa ni pale mtu anapohema akiwa amekaa tu, anakohoa na kifua kinabana, au anapepesuka kama mlevi na maneno hayaeleweki. Hapo maji yanajaa kwenye mapafu, au ubongo unavimba. Tiba ya kwanza ni kushuka, hata kama ni usiku, hata kama elki dume amesimama mbele ya hema.

Hesabu ya kilo na kilomita

Wazazi wa kiume wenye umri wa miaka 40 na kuendelea huwa na imani kubwa na miguu yao. Baba huyu ana 43, na shinikizo lake la damu lilikuwa juu kidogo mara ya mwisho lilipopimwa. Watafiti wa Michigan, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2007, waliwafunga wawindaji wa makamo vifaa vya kupima mapigo ya moyo wakati wa kuwinda. Kwa baadhi yao moyo ulidunda kasi kuliko ulivyodunda walipopimwa kwenye mashine ya kukimbilia hospitalini. Kumuona mnyama peke yake kunapandisha mapigo. Kumbeba ndiyo kazi hasa.

Elki dume mmoja anaweza kutoa kama kilo 100 za steki. Ukimgawa kwa mizigo ya kilo 20, ni mizigo mitano. Sasa chukulia ameangukia kilomita 5 kutoka kwenye gari na mwindaji yuko peke yake. Atatoka na mzigo mara tano na kurudi mtupu mara nne. Jumla ni kilomita 45 za kupanda na kushuka, juu ya mita 2,900, huenda kwenye theluji. Na sheria ya Colorado hairuhusu kuacha nyama inayolika ioze porini.

Rafiki wa kazini alimshauri baba aende mbali, kwa sababu elki huwakimbia watu na kujificha kwenye misitu minene na miteremko isiyo na barabara. Ni kweli. Asubuhi na jioni hutoka kwenye mbuga za majani, mchana hulala kwenye kivuli cha miti, hasa miteremko inayotazama kaskazini, na theluji ikizidi hushuka chini. Lakini ushauri huo hutolewa na watu wenye farasi au vijana watatu wa kusaidia kubeba. Kwa mara ya kwanza, na kwa watu wawili, kilomita 2 au 3 kutoka kwenye gari zinatosha. Afadhali kumkosa elki kuliko kumpata mahali ambapo hawezi kutolewa.

Mazoezi yameshaanza. Jengo wanaloishi lina ghorofa tatu, na kila jioni baba hupanda na kushuka ngazi akiwa na mfuko wa mchele wa kilo 10 kwenye begi la mgongoni. Majirani wanacheka. Watoto wanamhesabia.

Kuna pia saa ya kugeuka. Mwishoni mwa Oktoba jua upande ule huzama baada ya saa 12 jioni, lakini saa zikirudishwa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, huzama kiasi cha saa 11. Sheria inaruhusu kuwinda mpaka nusu saa baada ya jua kuzama. Mnyama aliyepigwa dakika hiyo atachunwa gizani, kwa tochi ya kichwani na kisu kikali, mikono ikiwa imekufa ganzi kwa baridi. Mgeni wa mlima ajiwekee saa yake, mapema kuliko ya sheria.

Baridi nayo haina haya. Jinsi na fulana ya pamba vikilowa havikauki, na mwili hupoa kupita kiasi hata kabla barafu haijaganda. Mtu huanza kwa kutetemeka, kisha anang'ang'ania kitu kidogo kama kufunga zipu na hawezi, kisha maneno yanakuwa mazito. Sufu na vitambaa visivyoshika maji ndivyo vya kuvaa, na nguo kavu moja ibaki kwenye mfuko wa plastiki haijaguswa.

Nyama ikifika nyumbani

Hapa mama ndiye bingwa, na baba alikiri. Nyama huharibiwa na joto. Mnyama achunwe mara moja, mapaja na mikono vitenganishwe, viwekwe kwenye mifuko ya kitambaa inayopitisha hewa na kutundikwa kivulini, si kwenye mifuko ya plastiki. Kwenye gari yawepo madeli yenye barafu, maana kutoka Flat Tops hadi Aurora ni zaidi ya saa 4 za kuendesha.

Kuna mambo mawili ya kuamua kabla nyama haijaingia chunguni.

La kwanza ni ugonjwa unaowakondesha kulungu na elki mpaka wanakufa, unaojulikana kwa kifupi cha CWD. Ulionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1967, hukohuko Colorado, kwenye kituo cha utafiti Fort Collins. Hakuna mtu aliyethibitishwa kuupata kwa kula nyama, lakini mamlaka za afya za Marekani zinashauri mnyama aliyekutwa nao asiliwe. Kupika hakuui kinachousababisha. Kichwa hupelekwa kupimwa kwa idara ya wanyamapori ya jimbo, na nyama ikae kwenye friza ikiwa na alama mpaka majibu yatoke. Ndugu wa kanisani wenye hamu wasubiri.

La pili ni risasi yenyewe. Kiswahili kinatumia neno moja kwa kinachotoka kwenye bunduki na kwa madini yenye sumu, na kwa kweli mara nyingi ni kitu kimoja. Risasi ya madini hayo ikimpiga mnyama hupasuka vipande vidogo mno, visivyoonekana kwa macho wala kusikika mdomoni, na picha za eksirei zimevionyesha mbali na tundu la jeraha. Mwaka 2008 idara ya afya ya North Dakota ilishauri wajawazito na watoto wa chini ya miaka 6 wasile nyama ya mawindo iliyopigwa kwa risasi za madini hayo. Madini haya huathiri ubongo wa mtoto unaokua. Zipo risasi za shaba. Bei yake iko juu kidogo, lakini kwa nyumba yenye mtoto wa miaka 4 hakuna cha kujadili.

Bunduki nayo ina mahali pake. Tangu 2021 sheria ya Colorado inamtaka mwenye silaha aifungie kama nyumbani kuna mtoto anayeweza kuifikia. Kabati la chuma lenye kufuli, risasi mahali pengine, ufunguo usioning'inia jikoni. Wazazi wasidanganyike kwamba watoto hawajui ulipo. Wanajua hata peremende zilipofichwa.

Karatasi ya mlango wa friji

Baada ya wiki tatu ramani ilirudi mezani, na safari hii mama ndiye aliyeshika kalamu. Ameandika namba ya gari. Mahali litakapoachwa, kwa jina na kwa namba za ramani. Hema litakapokuwa. Jina la mwenzake na namba ya mke wa mwenzake. Rangi ya koti. Dawa ya shinikizo anayotumia, na kwa herufi kubwa: mbebaji wa selimundu.

Ameandika pia namba ya ofisi ya sherifu wa kaunti ile ya milimani. Sababu ni kwamba simu ya 911 inayopigwa kutoka Aurora hupokelewa Aurora, na dakika hupotea wakiitafuta kaunti sahihi. Sherifu ndiye mwenye jukumu la kutafuta waliopotea, na wengi wa wanaopanda kuwatafuta ni watu wa kujitolea. Hawatozi fedha. Mama alilisisitiza hilo kwa sababu alishasikia mtu akichelewa kupiga simu kwa kuogopa bili, kama ya gari la wagonjwa.

Saa mbili zimeandikwa tofauti. Saa ya kurudi: Jumapili saa 10 jioni. Saa ya kupiga simu: Jumapili saa 3 usiku. Kati ya hizo mbili baba anaruhusiwa kuchelewa, tairi kupasuka, nyama kuwa nzito. Baada ya hapo mama hangoji na habembelezi. Baba naye atabeba kifaa cha setilaiti chenye kitufe cha dharura, kwa sababu simu yake haina uwezo huo, na atakilaza ndani ya begi la kulalia ili baridi isimalize betri.

"Na ukiamua kubadilisha bonde?" mama aliuliza.

"Nitakutumia ujumbe kwanza."

"Ukishindwa kutuma?"

"Basi sibadilishi, mama watoto."

Nakala ya pili ya karatasi itaachwa ndani ya gari. Leseni zinaanza kuuzwa Agosti. Miadi ya daktari ni ya Julai, wiki moja kabla ya baba na shemeji yake kwenda kuitazama njia, na jibu la daktari ndilo litakaloamua kama hema litapigwa pale ziwani au chini zaidi.